Mnaowaahidi vipanga wa Kidato cha Sita kuwasomesha chuo mbele ya kamera: fedha iko wapi?

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, nikikosea herufi mnivumilie. Leo ofisini imeingia barua kutoka kampuni moja kubwa, matangazo yake mnakutana nayo kila kona. Wanaomba tuwapokee tena kwenye mahafali ya Kidato cha Sita mwaka huu ili waje "kuwatia moyo wanafunzi wanaofanya vizuri". Tena! Watu ambao ahadi yao ya mwaka jana bado inawadai.

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya serikali, mkoani. Jina la shule siliweki, la kampuni siliweki, ugali wangu uko humo humo.

Shule nyingi hufanya mahafali kabla ya mtihani wa Mei, na sisi ndivyo tulivyofanya. Mgeni rasmi alitoka kwenye kampuni hiyo na akaja na wapiga picha wake. Wazazi walikuwa wamechanga, wengine kwa kuuza debe la mahindi: pilau, kuku, soda, maturubai, muziki. Tukamvisha mgeni shuka la kimasai, mke wake tukamfunga kitenge. Naye akashika kipaza sauti akasema kila atakayepata divisheni wani ya pointi tatu, kampuni itamsomesha chuo kikuu: ada, malazi, chakula, vitabu, mpaka siku ya kuvaa joho. Kina mama wakapiga vigelegele. Mkuu wa shule alicheza, na yule mzee huwa hachezi.

Kwa mliosahau shule: pointi tatu maana yake A tatu kwenye masomo matatu ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo anaosoma mwanafunzi. Juu ya hapo hakuna kitu. Mimi naamini mgeni alipiga hesabu zake akaona shule ya namna ile, maabara yenye nusu ya vifaa na bweni linalovuja, haitatoa mtu. Matokeo yakatoka Julai, watoto wakiwa bado Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), tukawa tumetoa wawili. Mvulana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na binti wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza).

Wakaja tena na kamera zao. Safari hii walibeba mfano wa hundi, lile libango la plastiki refu kama mlango, limeandikwa mamilioni kwa tarakimu na kwa maneno, na saini kubwa chini. Watoto wakashikishwa huku na huku, afisa elimu katikati, fulana za kampuni juu ya sare. Picha zikaenda kwenye kurasa zao siku ile ile. Libango wakaliacha. Mpaka leo liko stoo nyuma ya madawati mabovu, na nikiwa na shida ya kitu humo ndani lazima nilisogeze.

Sasa sikilizeni. Yule mvulana kampuni haikumgharimu hata senti. Aliingia kwenye Samia Scholarship, ule ufadhili wa serikali ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa bajeti ya bilioni 3, unaowachukua waliofaulu zaidi tahasusi za sayansi na kuwapeleka kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ndiyo inayousimamia. Kijana aliomba, akapata, yuko chuo anapiga uhandisi. Kwa hiyo ahadi yote iliyowashangilisha watu mia kadhaa ilibaki kuwa ya mtoto mmoja. Mmoja! Kampuni yenye jengo lake mjini.

Huyo mmoja ni binti wa HGL. Kwenye Samia Scholarship hawezi hata kuomba, maana Historia, Jiografia na Kiingereza si sayansi. Hilo nalo linaniuma na nitalisema japo najua kuna watakaonirukia. Naelewa nchi ina upungufu wa wahandisi na madaktari. Lakini mtoto aliyepata A tatu HGL alikesha usiku ule ule na kibatari kile kile, halafu siku ya kuhesabu waliofaulu sana anaambiwa wewe ulifaulu upande usio sahihi. Mahakimu tutawatoa wapi? Walimu wa Kiingereza, ambao kila siku mnalalamika humu kwamba hawajui Kiingereza, watatoka wapi? Basi, nimelisema.

Turudi kwa kampuni, maana serikali walau ilitangaza vigezo mapema na kila mtu akajua yuko ndani au nje.

Binti alibakiwa na njia ya mkopo wa Bodi hiyo hiyo. Dirisha la kuuomba hufungwa kuelekea mwisho wa Agosti, wakati mwingine huongezwa siku chache. Mama wa binti anauza mchicha na dagaa sokoni. Alikuwa ameshaanza kuhangaikia maombi: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, fomu isainiwe serikali ya mtaa, ipigwe mhuri kwa wakili, na ada ya maombi shilingi 30,000. Akampigia yule afisa wa kampuni aliyekuwa anaratibu kuuliza kama aendelee. Jibu alilopewa, na simu iliwekwa sauti ya juu mbele yangu: "Mama, usimwingize mtoto kwenye madeni, sisi tunalipa kila kitu." Mama akaitunza 30,000 yake. Dirisha likafungwa.

Kuanzia hapo ndiyo tukaanza kufundishwa Kiswahili kipya. Septemba suala lilikuwa "kwenye mchakato". Kisha likawa "mezani kwa bosi". Kisha idara ya masoko wakasema hilo ni la idara ya huduma kwa jamii, idara ya huduma kwa jamii wakasema aliyeahidi ni wa masoko. Kisha aliyeahidi akawa amehamishiwa nchi jirani. Ujumbe wangu wa WhatsApp unasomwa, tiki mbili za bluu, kimya. Nilipokwenda mwenyewe, mlinzi wa getini alikuwa muungwana kuliko wote, angalau alinipa kiti.

Chuo kilifungua mwishoni mwa Oktoba. Binti alichaguliwa kusoma sheria, akathibitisha udahili wake, jina likawa kwenye orodha. Ili usajiliwe unatakiwa walau sehemu ya ada ya mwaka, ambayo yote inapita milioni moja, pamoja na bima ya afya 50,400, hosteli, na vichaka vingine vya michango. Na ukishasajiliwa unatakiwa kula. Wenye mkopo wanapewa 10,000 kwa siku tangu 2023/24, na hao wenyewe wanalia haitoshi. Huyu hana hata hiyo. Walimu tulichangishana, tukapata kiasi, hakikufika. Akaomba kuahirisha mwaka.

Mnajua yuko wapi sasa? Yuko steshenari ya stendi, anawachapia watu barua na kuwajazia wenzake maombi kwenye mtandao. Mtoto wa A tatu! Akiniona ananiamkia, "Shikamoo mwalimu", halafu anauliza kwa upole, "Wale hawajasema kitu?" Mimi ndiye niliyempa karatasi ya kusaini kwamba amekubali ufadhili. Kampuni haikusaini chochote.

Na kuhusu madeni waliyomtisha nayo mama. Mkopo wa Bodi wa sasa si ule wa zamani. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha ilifutwa 2021, na ile adhabu ya asilimia 10 ikafutwa pia. Unakatwa asilimia 15 ya mshahara ukishaajiriwa. Ni mzigo, sikatai, hata mimi nilikatwa nikalia. Ila mkopo ungemfikisha darasani. Kumwambia mzazi asiyejua mambo haya aache kuomba, halafu uzime simu, ni heri wangekuja kula pilau wakaondoka kimya.

Nilimfuata wakili mmoja tuliyesoma naye. Nikamuuliza, tuna video, tuna picha, tuna bango lenye saini, tunawashitaki vipi? Akacheka kwanza. Akanifungulia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 25: makubaliano ambayo upande wa pili hautoi chochote ni batili, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo, na sisi hatumo. Akasema labda tujenge hoja kwamba binti aliacha kuomba mkopo kwa kuiamini ahadi yao, lakini hiyo ni kesi ya miaka na gharama ambazo mama mwenye mchicha hana. Kwa lugha nyingine, mgeni rasmi anaweza kuahidi kumpeleka mtoto mwezini, akapigiwa makofi, na kesho yake akalala usingizi mzuri.

Zamani angalau kulikuwa na aibu ya kitaifa. Wale TO (Tanzania One, yaani wa kwanza kitaifa) na kumi bora walitangazwa na NECTA, Baraza la Mitihani, gazeti linaweka picha, nchi nzima inajua jina, kwa hiyo aliyeahidi kompyuta mpakato au ufadhili alikuwa anatazamwa. Januari 2023 NECTA wakaacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, wakasema ni kuzitangaza shule bure. Kwa upande wa biashara ya shule binafsi naona walikuwa na haki kabisa, ule ulikuwa mnada. Ila sasa kipanga wa mkoani hajulikani na mtu zaidi ya walimu wake na mama yake. Ukimtapeli, nani atauliza?

Ninachotaka ni kidogo. Kampuni ikitaka kupanda jukwaani kuahidi ufadhili, fedha ya mwaka wa kwanza iwe imeshaingia kwenye akaunti ya shule au ya chuo, na stakabadhi ipo. Kuna Mfuko wa Elimu chini ya TEA, Mamlaka ya Elimu Tanzania, uliowekwa kwa sheria tangu 2001 kupokea michango kama hiyo ya wenye uwezo. Na maafisa elimu mnaopenda kusimama katikati kwenye hizo picha, ombeni mkataba kabla ya kutabasamu. Mkataba wenye jina la mtoto, kiasi, tarehe ya kulipa, na nini kinatokea wasipolipa. Karatasi mbili tu, wala haihitaji semina elekezi.

NYONGEZA: naona wachangiaji mmeanza. Mnaosema "msaada haudaiwi", someni tena aya ya simu ya mama. Binti hadai msaada, anadai nafasi ya mkopo aliyoipoteza kwa sababu waliwaambia waiache. Mkuu uliyeuliza kwa nini asiombe mkopo mwaka huu: ataomba, na fomu tutaijaza mapema safari hii. Lakini mwaka mmoja wa mtoto aliyekuwa wa kwanza shule nzima nani anaulipa? Na wewe uliyesema mwalimu nimetumwa na washindani wao, njoo stendi nikununulie chai halafu nikuonyeshe binti mwenyewe.

Kuna wawili wameniandikia faragha kwamba shule zao zina mabango kama hilo, moja lina miaka kadhaa sasa. Kama na kwako lipo, weka hapa mkoa, mwaka, kiasi kilichoandikwa, na kama mtoto alilipiwa au hakulipiwa. Majina ya watoto msiweke. Ya kampuni tubaki nayo kwanza, tukishakuwa na orodha ndefu nitaipeleka kwa afisa elimu wa mkoa nikiwa na nakala yangu iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Barua yao ya leo nimeshaijibu, mkuu wa shule amesaini. Tumewakaribisha mahafali, tumewaambia waje na risiti ya benki, na tumewaomba wapitie stoo wachukue mlango wao.