Mnatujazia kelele kwenye kimya chetu! Watafsiri, maprodyuza na makonda, uzi huu ni wenu

Wakuu, habari za usiku. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa kila mwezi wa "Bongo muvi imekufa". Wangu hauhusu waigizaji kuamka asubuhi na wanja usoni, wala ugomvi wa sebuleni unaokwenda mpaka sehemu ya nne. Wangu unahusu masikio. Povu ni refu, asiyetaka apite tu.

Juzi nimetoka Dar kwenda Mwanza kwa basi. Kampuni siitaji, maana kwa hili wote baba mmoja mama mmoja. Tumeshaipita Gairo, konda kachomeka flashi, ikatokea The Godfather, ile ya 1972 ya Francis Ford Coppola, imetafsiriwa. Nikasema leo nimeula. Muvi ya karibu saa tatu, safari ya kutwa nzima, mtu unataka nini tena?

Nilikoma.

Walioiona wanaikumbuka sini ya mgahawani. Kwa ambao bado: Michael ni mtoto wa mzee Corleone aliyekuwa amejiweka kando na shughuli za nyumbani kwao. Baba yake amepigwa risasi, akanusurika. Sasa Michael anakutana na Sollozzo, aliyepanga shambulio lile, na kapteni wa polisi anayemlinda, kwenye kimgahawa cha Bronx, New York. Bastola imefichwa chooni nyuma ya tangi la maji. Maelekezo aliyopewa ni aombe kwenda kujisaidia, achukue chuma, atoke huku anafyatua.

Anatoka, hafyatui. Anarudi kukaa. Sollozzo anaendelea kumwaga Kitaliano na pale chini hakuna maandishi ya kutafsiri. Coppola kayanyima makusudi, maana kwa dakika ile maneno hayamwingii hata Michael mwenyewe. Wewe unabaki na uso wa Al Pacino, macho yanahangaika kulia na kushoto, kamera inamsogelea taratibu kama mtu anayenyata. Muziki hakuna hata chembe. Inakuja treni. Haionekani popote, imeletwa na mtu wa sauti, Walter Murch: magurudumu ya chuma yanalia kwenye reli, yanapanda, yanazidi kupanda, mpaka yanapita kiwango ambacho treni yoyote ingesikika ukiwa umekaa ndani unakula. Treni hiyo inapita ndani ya kichwa cha Michael. Halafu risasi. Muziki unasubiri mpaka bastola idondoke sakafuni, ndipo unaingia, na hapo unajua huyu kijana hana tena pa kurudi.

Sasa sikilizeni tulichopewa sisi abiria. Ile treni inaanza tu, jamaa aliyetafsiri kafungua maiki: "Hapooo Maiko anawaza, niwamalize sasa hivi au nisubiri wamalize msosi? Watazamaji wangu wa Kahama, Geita na Katoro, kaeni mkao wa kula, steringi anakwenda kuua mtu leo!" Kimya cha Michael kikaliwa chote. Na kile Kitaliano ambacho mwenye muvi alikataa kukitafsiri, ndugu yetu akakitafsiri. Kwa kubuni! Eti Sollozzo anamwambia "dogo, kula nyama hizo upate nguvu". Basi zima likaangua kicheko. Mama niliyekaa naye akaniuliza, "Baba, mbona wewe umenuna?"

Kabla hamjanishukia: sina chuki na watafsiri. Nimekulia kibanda umiza, kiingilio mia mbili, tumebanana kwenye mabenchi, na Kichina chote tulichoelewa ni kwa sababu yao. Kwenye muvi za ngumi jamaa ni sehemu ya burudani, anakutajia adui, anakwambia huyu bwana atakuja kujuta. Muvi zile zimejengwa hivyo, hata akikufunika maneno matatu, teke bado utaliona. Wenzetu wa Uganda wana ma-VJ, watafsiri wao wa muvi, na mambo yanakwenda. Ugomvi wangu ni mahali ambapo hakuna kilichosemwa. Hapo unatafsiri nini? Muvi ikinyamaza, funga mdomo. Unalipwa kwa neno?

Na picha nayo. Muvi ile ilipigwa na Gordon Willis, mtu wa giza. Pale mwanzo, ofisini kwa mzee, taa alizitundika juu kabisa, kwa hiyo paji la uso la Marlon Brando linapata mwanga na macho yanabaki mashimo. Humuoni anafikiria nini. Ndiyo maana mtu mzima anayekuja kuomba msaada anatetemeka, na wewe unatetemeka naye. Na hata mzee mwenyewe huonyeshwi mapema. Unaanza na uso wa yule mwombaji peke yake gizani, picha inarudi nyuma taratibu sana, ndipo linaingia bega, kisha mkono. Yaani umeshasikia shida yote kabla hujajua inaelezwa kwa nani. Aliyeinakili kwenye ile flashi kaona giza ni kosa, kapandisha mwanga, nyeusi imekuwa rangi ya maji ya mchele. Halafu kaitanua ijae kioo, nyuso zimekuwa chapati. Macho ya mzee yanaonekana vizuri kabisa, kawa babu tu wa harusini.

Sasa niwaambie kwa nini hili limenikaa kooni, maana muvi ya Marekani isingeniumiza hivi.

Mimi ni mtu wa sauti. Yule anayeshika bumu, ile fimbo ndefu yenye maiki (si lile la Bodi ya Mikopo, lingekuwa hilo nisingekuwa kwenye basi). Mtu wa sauti akiingia nyumba ya watu kurekodi, cha kwanza anatafuta friji alizime, kwa sababu mngurumo wake unaingia kwenye kila shoti na mhariri hana pa kuupeleka. Na kwa kuwa mtamaliza usiku wa manane mmechoka, utasahau kuliwasha, kesho nyama za watu zimeoza. Dawa yake ni moja: unaweka funguo zako ndani ya friji. Bila funguo huondoki. Mimi naweka za pikipiki.

Kuna tamthilia nilifanya, jina nalihifadhi. Kulikuwa na sini mama anapigiwa simu kuambiwa mwanawe amefariki. Mwongozaji wetu, kijana mdogo, mkimya, akaniambia: bro, leo friji usizime. Nikadhani anatania. Akanipanga. Kamera ikae koridoni, imtazame mama kupitia mlango wa jikoni, tumuone mgongo na nusu ya meza. Uso tusiuone. Mama anafuta vyombo. Friji linanguruma tangu sini inaanza, dakika nzima, mpaka sikio lako linalizoea na kulisahau. Simu inaita. Mama anasikiliza, anajibu, "Ee. Ee. Nimesikia." Anaiweka mezani. Sekunde mbili, tatu. Halafu friji linakata lenyewe, ule mtikisiko wake wa mwisho, tk-tk-tk, kisha kimya. Hapo ndipo unagundua kulikuwa na sauti muda wote na sasa haipo. Mama anaendelea kufuta ile ile sahani.

Tulirekodi friji peke yake saa saba usiku. Nililala kifudifudi nyuma yake na maiki, mbu wananila, nasubiri likate kwa wakati wake, maana ukilichomoa ukutani mlio wake ni mwingine. Lilikata mara tatu tangu tuanze kusubiri. Ya kwanza jogoo wa jirani kawika. Ya pili mtu kakohoa. Ya tatu ikawa safi, tukashikana mikono kama tumefunga goli.

Siku ya kurushwa nikaita mpaka shemeji zangu. Mama anapokea simu: kinanda. Violini. Mdada anaimba "uuuuu". Radi, na nje jua linawaka! Mgongo wa mama umetolewa, imewekwa klozapu ya macho iliyorekodiwa siku nyingine, imerudiwa mara tatu kwa slomo, machozi yanateremka na kila moja limewekewa mlio. Friji langu halipo. Shemeji mdogo akasema, "Mmh, kali." Nikaenda kukaa nje.

Nikampigia prodyuza. Jibu lake nawapa kama lilivyo: "Mtazamaji akisikia kimya atajua televisheni imekata sauti, atahamisha chaneli." Kwa hiyo watu wazima, wenye akili, waliokaa misibani na kuona mfiwa anavyokaa tu anatazama ukuta, wakionyeshwa kimya watadhani ni kebo! Bibi yangu hakuwa na kinanda. Akifika pale zimwi linapobisha hodi alikuwa ananyamaza, anasogeza kuni motoni, sisi wajukuu hata kupumua tumeacha. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Bibi, sauti imekatika."

Najua kuna wa kusema hayo ni mambo ya wazungu. Haya, njooni Senegal. Ousmane Sembène, mzee aliyebeba mizigo bandarini Marseille kabla hajawa mwandishi wala mwongozaji, mwaka 1966 alitoa La Noire de... Diouana ni binti wa Dakar aliyepelekwa Ufaransa akidhani anakwenda kulea watoto, akageuzwa mtumishi wa kila kitu. Mbele ya waajiri wake haongei karibu neno. Sisi tunamsikia moyoni mwake, anaongea vizuri, kwa hasira, mdomo umefungwa. Na sauti ile wala haikuwa ya dada tunayemuona, aliirekodi mwigizaji mwingine. Mwisho, mwajiri wake anakirudisha Dakar kinyago ambacho Diouana aliwahi kuwazawadia. Mtoto mmoja anakivaa na kumfuata nyuma, hatua kwa hatua, yule bwana anageuka, anaongeza mwendo, anageuka tena, mpaka kwenye gari. Hakuna anayeeleza lolote. Hebu mleteni mtafsiri wetu hapo aseme "dogo anamdai huyu mzungu" muone kama kuna kitu kinabaki.

Nisiwasahau wenye chaneli za vipande vya muvi za simu. Mnakata pembeni ili picha isimame wima. Mtu kawekwa kushoto, mwingine kulia, katikati meza tupu ya futi tatu, na ile meza tupu ndiyo ugomvi wao. Nyie mnaikata, mnabakiza anayeongea. Anayenyamaza hamumhitaji.

Ninachoomba ni kidogo. Mtafsiri, pale pasipo na neno la mtu, zima maiki. Konda, ukishindwa kabisa weka singeli, angalau hiyo ilitengenezwa iwe kelele. Prodyuza, ukitaka kubadili sauti ya sini, mpigie aliyelala na mbu.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini ameniuliza kama ile ya friji ninayo. Ninayo kwenye diski yangu, dakika 2 na sekunde 10, rangi hazijawekwa. Kuirusha hapa siwezi, mkataba unanibana. Aliye Dar aniite PM, nitakuja nayo, ila aje na hedifoni zake, za kwangu sikio moja limekufa.

NYONGEZA 2: Anayeuliza funguo za pikipiki. Siku ile friji halikuzimwa, kwa hiyo sikuziweka ndani, nikazisahau juu ya meza ya jikoni. Ziangalieni vizuri kwenye shoti ya mgongo wa mama, zinaonekana. Labda ndiyo maana waliikata.