Sambusa nimeshaing'ata, bado ananipokonya mkononi! Kujitolea kwenye okestra basi tena

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya daladala, mikono bado inatetemeka. Mkikuta herufi zimeruka mnivumilie.

Yule mama wa miwani yenye kamba. Simtaji, mnamjua. Kama umewahi kujitolea kwenye ile okestra hata siku moja, ukashika hata stendi moja ya nota, unamjua.

Nimetoka Mbagala saa tano asubuhi kwa nauli yangu, onyesho saa moja jioni. Nimepanga viti 60. Timpani nimebeba na jamaa mmoja ambaye baada ya ngoma ya pili alisema anaenda msalani, mpaka sasa hajulikani alipo. Stendi za nota nikapanga kila mtu na yake, mama akaja kashika kiuno: "Wapiga fidla wanakaa wawili stendi moja, hukuambiwa?" Sikuambiwa. Nikazitoa. Feni zikawashwa, makaratasi ya nota yakaanza kuruka ukumbini kama kunguru. Nani alikimbia dukani kununua vibanio vya nguo? Mimi. Kwa hela yangu. Beethoven wao leo amesimama kwa vibanio vya kuanikia mashuka.

Sasa sikilizeni. Mapumziko. Linakuja sinia la sambusa. Sijatia kitu tumboni tangu chai. Nachukua moja, MOJA, naing'ata pembe. Mama anaibuka kama trafiki nyuma ya mti, anaitoa mkononi mwangu. Mkononi, wakuu! "Hizo ni za wanamuziki." Anaizungushia tishu, anairudisha kwenye sinia. Imeng'atwa! Nyama inachungulia! Anairudisha!

Nimebaki nimesimama na kile kipande mdomoni, sijui nimeze au na chenyewe nikikabidhi.

Kipindi cha pili, sehemu ya kwanza ya simfonia ikaisha, tamu kweli, nikapiga makofi. Akanigeukia kidole mdomoni. Kidole kilekile kilichoshika sambusa yangu.

Mwisho kondakta kashukuru wafadhili, kashukuru wenye ukumbi, kashukuru mpaka fundi wa jenereta. Volantia, kimya. Hilo nimesamehe. Sambusa sisamehi.

Kisu Butu: Kwa hiyo uzi mzima ni njaa.

Mzawa wa Rangi Tatu (mtoa mada): Sio njaa mkuu, ni DHARAU. Ilikuwa imeng'atwa!

Dagaa Mkavu: Picha ya sambusa tafadhali. Bila picha hii ni hadithi ya sungura.

Binti Gerezani: Namjua huyo mama!! Mimi alinipa tisheti ya volantia, onyesho lilipoisha akaidai palepale. Nilikuja na gauni nikalipoteza kwenye lundo la mabegi ya fidla. Nimerudi Tandika nimejifunga kanga ya dada wa usafi.

Konda Mstaafu: Nimesoma "kondakta kashukuru" nikajua ni daladala, nikashangaa. Miaka 12 mlangoni sijawahi kupigiwa makofi hata na mtoto. Huyo wenu anapunga kijiti, hata nauli hakusanyi, anapewa maua.

Nota Nyeusi: Mtoa mada, kwenye makofi hukukosea sana. Vienna mwaka 1813, Simfonia ya Saba ya Beethoven ilipopigwa mara ya kwanza, watu walishangilia sehemu ya pili mpaka ikarudiwa palepale. Huu ukimya wa msibani ulikuja baadaye. Ila ukumbi mzima umenyamaza halafu wewe na tisheti yako unapiga makofi peke yako, hiyo nayo ni aibu.

Mzawa wa Rangi Tatu: Asante mwalimu. Kuhusu sambusa hujasema kitu.

Mpulizaji: Samahani wakuu, mimi napiga tromboni pale. Kuna sambusa ilikuwa na tishu yake peke yake, nikajua imetengwa kwa heshima. Ndiyo hiyo?

Mzawa wa Rangi Tatu: Ilikuwa imepungua pembe?

Mpulizaji: Nilidhani imevunjikia kwenye mafuta.

Kisu Butu: Nimekufa. Nizikeni Kinondoni.

Mtoto wa Forodhani: Bara mmeijua okestra juzi tu mnaanza kupigana. Unguja tuna kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa tangu 1905. Fidla, ganuni, udi, vyote vimo, na anayepanga mikeka anakula mwanzo.

Jirani wa Goma: Nyie mnalilia sambusa. Kinshasa okestra ya Wakimbangu, wale wa kanisa la Simon Kimbangu, ilianza 1994 vyombo havitoshi, watu walikuwa wanapokezana fidla. Uzi ukikatika walikuwa wanafunga waya wa breki ya baiskeli, muziki unaendelea.

Konda Mstaafu: Hapo nawasikitikia wenye baiskeli.

Binti Gerezani: Jamani, gauni langu la bluu, lina mfuko ubavuni. Aliyeliona aseme.

Sauti ya Pili: Afadhali nyie mmepokonywa sambusa. Kwaya yetu tumechangia kinanda miaka miwili, mweka hazina kaenda kununua bodaboda. Anasema bodaboda ndiyo itatuletea kinanda.

Kisu Butu: Hesabu kwa siku anawaletea ngapi?

Sauti ya Pili: Elfu tano. Jumapili hailazwi hesabu, eti ni siku ya Bwana.

Konda Mstaafu: Elfu tano mnaibiwa mchana kweupe. Jumapili ndiyo siku yenye abiria, hao hao mnaotoka kanisani.

Mzawa wa Rangi Tatu: Wakuu tusitoke kwenye mada. SAMBUSA. MKONONI.

Dagaa Mkavu: Boda ya mkataba au ya hesabu tu? Service juu ya nani?

Sauti ya Pili: Service juu ya kwaya.

Dagaa Mkavu: Wameshawala nyie.

Mzawa wa Rangi Tatu: Basi. Mpulizaji, vibanio vyangu 24 vimebaki kwenye stendi. Navipataje?

Mpulizaji: Jumamosi kuna onyesho tena. Njoo saa tano, viti havijapangwa.

Konda Mstaafu: Sauti ya Pili, hiyo boda iko kijiwe gani?