Mboga ya mchunga imekosekana, nimpe mama maua ya vinka badala yake? (mgonjwa wa sukari)

bintiwete
Assalaam alaykum, naombeni msaada na kama kuna mtu anajua vizuri ajibu leo leo. Mama yangu ana sukari miaka mingi sasa, anakunywa metfomini na kile kidonge chengine cha glibenklamidi, na juu ya hizo dawa za hospitali siku zote anapenda mchunga, anauchemsha, anaukamua, anatia nazi, na yale maji yake machungu anayanywa kikombe. Sasa kaskazi hii huku kwetu mchunga hauonekani, ukiupata ni kifungu kidogo na majani yashasinyaa. Basi mama mkubwa kaja kutoka Mkoani, kaangaza uani kaona yale maua ya vinka, yale ya pinki yenye petali tano na kijicho chekundu katikati, akasema nyie mnalilia mchunga na dawa mnayo mlangoni. Ati hayo na mchunga kazi yake moja, yote machungu, yote yana utomvu, ila haya ndo makali zaidi. Kashachuma majani kaanika kwenye ungo yamekauka kayasaga, na ukiweka pembeni ya mchunga mkavu wallahi huwezi kujua lipi ni lipi.

Mie moyo umekataa lakini siwezi kumbishia mama mkubwa mikono mitupu. Kila nikifungua mdomo ananambia "hayo maua hata wazungu wanatengenezea dawa hospitali". Ni kweli? Na kama kweli kwa nini yawe mabaya?

shambajuu
Waalaykum salaam. Dada kwanza hiyo mimea miwili haina hata ujamaa. Mchunga uko ukoo mmoja na alizeti, unajiotea wenyewe shambani hasa kwenye mihogo, na ukiulima kwa jembe ndo umeuzidisha kwa sababu mizizi yake inatambaa chini na kila kipande kinachipua upya. Majani marefu membamba yana pembe pembe ubavuni, ua lake la manjano dogo, likikomaa linakuwa manyoya yanapeperuka na upepo. Ukiuvunja maziwa meupe yanatoka mengi.

Vinka yako jina la kitaalamu ni Catharanthus roseus, asili yake Madagaska, watu wameutawanya dunia nzima kwa ajili ya bustani maana hauchoki kutoa maua, masika upo kiangazi upo. Majani yake yanakaa mawili mawili yakitazamana, ya duara refu, yanang'aa, na mstari mweupe katikati. Ukoo wake ni ule ule wa oleanda inayopandwa kwenye mahoteli, na oleanda kila mtu anajua ni sumu ya moyo. Sisemi vinka inaua kama oleanda, sumu zake ni nyengine, nasema tu jua unachezea familia gani.

Zikiwa mbichi mtoto wa skuli anakutenganishia. Zikishasagwa basi, hata mie sikutenganishii, ndo maana dawa ya unga usiyemjua aliyeichuma mie sinunui.

mzeewabaraza
Haya vijana mmeanza. Bibi zetu wamekunywa majani hayo kabla hospitali haijajengwa na wameishi mpaka wamechoka wenyewe. Sasa kila kitu sumu. Mama mkubwa wa watu anajua anachofanya, wewe mpwa wake unakwenda kumuuliza simu.

mfamasia_mtoro
Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu lakini hapa niachie kidogo.

bintiwete, mama mkubwa hajasema uongo, na hapo ndo pagumu. Vinka kweli ina dawa ndani. Lakini dawa yenyewe si ya sukari, ni ya saratani. Kisa chake kizuri, msomee. Mwaka 1952 daktari mmoja Kanada alitumiwa majani ya mmea huu kutoka Jamaika, kule watu walikuwa wanayanywa kama chai kwa ajili ya sukari, kama mama mkubwa anavyosema. Akampa nduguye Robert Noble aliyekuwa mtafiti, ayapime. Panya walipopewa kwa mdomo sukari haikushuka. Walipodungwa sindano ya maji ya majani hayo panya wakaanza kufa kwa maambukizi, na walipoangalia damu wakakuta chembe nyeupe zimeporomoka. Yaani ile kinga ya mwili. Noble na mwenzake Charles Beer wakafikiri kama inaua chembe nyeupe basi itafaa kwa saratani ya damu ambayo chembe hizo zinazidi, na mwaka 1958 wakatangaza kemikali waliyoitoa humo, vinblastini. Baadaye ikaja vinkristini ambayo mpaka leo wanapewa watoto wenye saratani ya damu, na wengi wanapona alhamdulillahi.

Sasa sikiliza. Vinkristini inaingizwa kwenye mshipa na mtu aliyesomea, dozi inapimwa kwa miligramu kufuatana na mwili wa mgonjwa, damu inapimwa kila mara, na hata hivyo mgonjwa anapata ganzi ya vidole, choo kinafunga, nywele zinapukutika. Na kuipata hiyo gramu moja viwandani wanatumia majani makavu kwa mamia ya kilo. Kwenye kikombe cha mama mkubwa kuna kemikali zaidi ya 70 za aina hiyo zimechanganyika, kiasi chake hakijulikani, leo kidogo kesho nyingi kutegemea jani limechumwa lini na limechemshwa vipi.

Na kwa mgonjwa wa sukari kuna baya zaidi ambalo watu hawalifikirii. Sukari yenyewe inaleta ganzi ya miguu na vidonda visivyopona. Sumu ya vinka nayo inaleta ganzi na inashusha kinga, kwa hiyo vidonda havitapona. Mama akianza kulalamika miguu inawaka nyie mtasema sukari imepanda, mtamuongezea kikombe.

mzeewabaraza
Na hizo metfomini zenu zinatoka wapi, mbinguni?

mfamasia_mtoro
Swali zuri kuliko unavyodhani mzee 😄 nazo chanzo chake ni ua. Kuna ua la porini la Ulaya linaitwa Galega officinalis, la zambarau hivi, watu wa huko tangu zamani walikuwa wakilitumia kwa mtu anayekojoa sana na kiu haimwishi, ambayo ndo dalili ya sukari. Na lenyewe ni sumu pia, kondoo wakilila kwa wingi wanakufa. Wataalamu wakaangalia kile kitu ndani yake kinachoshusha sukari, kikawa kikali mno kwa binadamu, wakatengeneza maabara jamaa yake aliye mpole zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akaandika matokeo ya kumpa mgonjwa. Ndo hiyo metfomini. Kwa hiyo mama tayari anakunywa dawa iliyotokana na ua, ila sumu imeshatolewa na dozi imeshapimwa.

nesi_wa_zamu
Mie naongeza la vitendo tu maana muda sina. Glibenklamidi ndo inayonitisha hapo, ile inashusha sukari kweli kweli, mtu akila kidogo au akichanganya na vitu asivyovijua inashuka kupita kiasi. Na akitapika kwa hiyo sumu huku ameshameza kidonge, ndo hivyo hivyo. Ukiona mama anatoka jasho jingi la baridi, anatetemeka, anaongea mambo hayaeleweki, usingoje, mpe maji ya sukari au soda ya kawaida (si ile isiyo na sukari) kama bado anaweza kumeza, halafu hospitali moja kwa moja. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni.

Je ameshakunywa? hujasema.

bintiwete
Ameshakunywa jana usiku kikombe nusu, na leo asubuhi kakataa mwenyewe anasema tumbo linamsokota. Kapima sukari kwa ile mashine ya kidole iko 8.9, hatapiki.

nesi_wa_zamu
Basi leo leo mpeleke, na chukua huo unga uliobaki pamoja na tawi bichi lenye ua uwaoneshe. Waambie wampime na damu, si sukari peke yake. Usiwafiche kwa kuona haya, wao hawagombi kwa hilo, wanachotaka kujua ni kitu gani kimeingia tumboni.

shambajuu
Na mchunga mie sijaukataa jamani, ni mboga, ale. Ila ale kama mboga na vidonge vyake aendelee navyo, hayo maji machungu kikombe kizima kila siku amuulize kwanza daktari wake. Sasa hivi uutafute kwenye mabonde ya mpunga pembezoni, penye unyevu bado upo upo. Mvua ya masika ikianza utakuwa mwingi mpaka mtaukimbia.

Vinka usizing'oe kama unazipenda, kwetu zimejaa ukutani na mbuzi hawazigusi. Watoto wadogo tu ndo wa kuangaliwa wasitafune.

bintiwete
Tumesharudi kutoka hospitali. Damu wamechukua, majibu keshokutwa, wamesema anaonekana sawa ila asiyaguse tena. Mama mkubwa nimemsomea kile kisa cha panya, kanyamaza kidogo kisha akauliza "sasa hao panya wa Kanada walikuwa na sukari?"

mzeewabaraza
Swali la maana hilo. Mwambie namsalimia. Na ukiupata huo mchunga wa bondeni niwekee na mie fungu moja.