Raia wa tajnisi anaweza kugombea uenyekiti wa mtaa hapa Tanga?

MwanaMakorora

Habari za jioni, wadau. Kuna kijana wa miaka 22, amekulia Chogo kule Handeni. Wazazi wake ni wale Wazigua waliokimbia vita Somalia, baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Sasa anaishi Makorora, ni fundi cherehani, na masika ikikaribia yeye ndiye anayewakusanya wenzake kuzibua mitaro. Watu wa mtaa wanataka agombee uenyekiti 2029. Wapo wanaosema mtu wa tajnisi, yaani aliyepewa uraia bila kuwa raia wa kuzaliwa, hagombei chochote nchi hii. Wanaojua sheria naomba msaada: anaruhusiwa? Na aanzie wapi?

Mzee wa Barabara ya 12

Anaruhusiwa, mwanangu, na wanaomkatisha tamaa wanachanganya mambo mawili. Katiba ya 1977, ibara ya 39, inamtaka rais awe raia wa kuzaliwa. Sharti hilo ni la urais. Ukienda ibara ya 67, ya ubunge, inataka raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, mwanachama aliyependekezwa na chama. Neno "wa kuzaliwa" halipo. Kwenye mtaa umri ni 21 vilevile, ila huongezwa kwamba awe mkazi wa mtaa huohuo na awe na shughuli halali inayomwezesha kuishi. Cherehani inatosha kabisa.

Wala si jambo geni. Barbro Johansson alizaliwa Sweden mwaka 1912, akaja Bukoba 1946 kufundisha wasichana, akaingia bungeni na kuchukua uraia wa nchi hii. Watu walimjua kwanza kwa shule, siasa ikafuata.

Jambo moja asilisahau: mgombea binafsi hayupo kwetu. Lazima apite kwenye chama.

Dada Chumbageni

Shikamoo mzee. Sheria iko wazi, lakini vijana wa namna hii hukwama kwenye karatasi, na hukwama wiki ya mwisho, wakati hakuna tena nafasi ya kurekebisha. Ndugu MwanaMakorora, mwambie aanze mwaka huu.

Kwanza, uraia wake yeye mwenyewe. Wazazi kupata tajnisi si lazima iwe yeye ameingia. Kama alikuwa chini ya miaka 18 wakati ule, atafute cheti cha wazazi aone kama jina lake liliorodheshwa. Halimo? Aende Uhamiaji mkoa na cheti hicho pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, aulize hadhi yake na apate jibu la maandishi. Asitegemee hoja ya "nimezaliwa hapahapa", kwa sababu kivitendo Uhamiaji huangalia wazazi walikuwa raia wa wapi siku aliyozaliwa.

Pili, majina. Hapa ndipo panapoumiza familia nyingi za Chogo. Kisomali huandika Maxamed na Cabdi, karani mwingine akaandika Mahamed, shule ikaandika Mohamedi. Apange karatasi zake zote mezani: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha uraia, kitambulisho. Herufi moja ikitofautiana, aape kiapo cha majina kwa wakili na kuomba marekebisho kwenye nyaraka zenyewe, maana kiapo peke yake hakibadilishi kilichomo kwenye mfumo wa NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa.

Tatu, namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema tarehe nyingine, mtu yeyote mwenye pingamizi ataiona kwa jicho tu. NIDA hutoa vitambulisho vya raia, vya wageni wakazi na vya wakimbizi. Kama aliwahi kusajiliwa kama mkimbizi, asiende kujiandikisha upya kana kwamba ni mtu mpya. Apeleke ushahidi wa uraia aombe kubadilishiwa hadhi. Alama za vidole zake zimo tayari.

Na jambo zito kuliko yote: asichukue kadi ya chama wala kujiandikisha kupiga kura kabla uraia wake haujathibitishwa. Vyama ni vya raia, na kujiandikisha kupiga kura wakati si raia ni kosa. Tajnisi, tofauti na uraia wa kuzaliwa, inaweza kufutwa ikigundulika kuna udanganyifu. Hata watu wakubwa huandamwa kwa suala hili. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba mwandishi wa habari Jenerali Ulimwengu si raia, na alikwisha kuwa mbunge na mkuu wa wilaya.

MwanaMakorora

Ahsante sana dada. Na kwa sasa, karatasi zikiwa bado, akae tu?

Fundi wa Mihtasari

Asikae. Kwenye mkutano wa mtaa kinachotazamwa ni ukazi na umri wa miaka 18. Ahudhurie kila mkutano, na si kwa kukaa nyuma. Aulize taarifa ya mapato na matumizi, aandike aliyosikia, na mkutano unaofuata aulize lililoahidiwa limefika wapi, kwa tarehe na kiasi. Wenye subira hiyo ni wachache mno, na mtaa huwajua.

Kile kikundi cha mitaro akifanye rasmi kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata: katiba, muhtasari wa kuchagua viongozi, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Vikundi huanguka kwa sababu fedha hugawanwa badala ya kuendesha mradi, halafu marejesho yanakosekana, na jina linaloharibika ni la kiongozi. Kama mradi haujakomaa, asikope.

Tena ahakikishe mtendaji wa mtaa anamtambua kama mkazi wa Makorora. Hawezi kuandikishwa Chogo na kugombea huku.

Ikifika 2029, akumbuke madaftari ya wapiga kura ni mawili. Kadi ya Tume ya Uchaguzi haitoshi, kwani orodha ya uchaguzi wa mitaa huandikwa upya chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba tu, na fomu za wagombea zikatolewa na kurudishwa kati ya 26 Oktoba na 1 Novemba. Ajaze kwanza kwenye nakala, mtu mwingine asome akilinganisha na kitambulisho, ndipo aandike fomu yenyewe, kisha chama kigonge muhuri. Mwaka 2019 wagombea wengi waliondolewa kwa makosa ya kujaza fomu. Arudishe siku ya pili au ya tatu, apige picha kila ukurasa, na adai uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe na saa.

MwanaMakorora

Nimemtumia yote. Jumatatu anakwenda Uhamiaji na cheti cha baba yake.