Ekzosi ya asili imeoza kwa chumvi: je, nifunge ile fupi iliyo wazi?

Mwendeshaji wa Mambrui

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Nina pikipiki ya Boxer BM150 ya kabureta ninayobebea abiria kati ya Mambrui, Gongoni na Malindi mjini, na mara kwa mara napanda nayo hadi Marafa nikiwa na abiria pamoja na mzigo. Huku kwetu karibu na mashamba ya chumvi chuma hakidumu: sailensa imeoza upande wa chini hadi ikatoboka, na bomba linalotoka kwenye injini limeanza kumenyeka magamba ya kutu. Fundi mmoja amenishauri niachane na ekzosi ya asili, nifunge ile fupi iliyo wazi yenye kibandiko cha Akrapovič, kampuni ya ekzosi za mashindano, kwa hoja kwamba injini itapumua vizuri na nguvu itaongezeka. Bei yake ni nafuu kuliko ya asili iliyo mpya, nami nimeshawishika, ila sitaki kuiumiza injini ambayo ndiyo riziki ya nyumba yangu. Naomba mnieleze kama kweli nguvu huongezeka, na kama ni lazima kabureta iguswe. Zaidi ya hayo, nati mbili za kwenye silinda hedi zimeliwa na kutu hadi pembe zake hazionekani. Zifunguliwe vipi bila kukata stadi, zile bolti zisizo na kichwa zilizopandwa kwenye hedi?

Fundi wa Maweni

Waalaikumu salaam, kaka. Nitaanza na nati, kwa sababu hapo ndipo kazi hii huharibikia, iwe unafunga ekzosi ya asili au nyingine yoyote. Stadi ni za chuma na silinda hedi ni ya alumini, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja katika hewa yetu ya bahari hushikana sana. Ukizilazimisha kavu, stadi itakatika ndani, na hapo utalipia kazi ya kutoboa na kutengeneza nyuzi upya, kazi ambayo gharama yake yaweza kuipita ile ya ekzosi yenyewe. Jioni, injini ikiwa imepoa, safisha nati kwa brashi ya waya kisha uzinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu na uziache zilale nayo. Asubuhi rudia, kisha utumie soketi ya pembe sita, si ile ya pembe kumi na mbili, kwa maana ya pili huteleza upesi juu ya nati iliyolika. Zungusha kidogo kufungua, rudisha kidogo kufunga, uongeze mafuta, ufungue tena. Usivute kwa mkupuo mmoja. Ikiwa nati imekwisha pembe kabisa, ikate ubavuni kwa msumeno mwembamba au tupa hadi karibu na nyuzi, kisha uipasue kwa patasi. Nati ni kitu cha bei ndogo, itoe mhanga uokoe stadi. Unaporudisha, tumia nati za shaba nyeupe, ambazo hazishikani na stadi kama za chuma, na upake grisi ya shaba inayostahimili joto.

Gasketi ya zamani, ile pete ya kuziba kati ya bomba na silinda hedi, usiirudishe hata kama inaonekana nzima, kwa kuwa ilikwisha kubanwa ikachukua umbo la bomba la kwanza. Ingiza mpya, ukihakikisha kwanza kwamba vipande vya ile ya zamani havikubaki ndani ya tundu. Kisha shikiza kila kitu kwa mkono tu: nati za mbele, klipu ya katikati ikiwa ipo, na bolti ya kushikilia sailensa nyuma. Ekzosi ikikaa mahali pake bila kusukumwa ndipo ukaze, ukianzia kwenye silinda hedi, nati hii kidogo na ile kidogo ili flanji, lile bati la mbele lenye mashimo ya nati, ikae sawasawa, kisha urudi nyuma. Wengi huanza kukaza nyuma, halafu wanailazimisha flanji ifuate. Bomba hubaki limejipinda, na kwa mtetemo wa barabara ya changarawe breketi hupasuka au kiungo huanza kuvuja.

Sasa juu ya kuoza. Kila lita ya petroli inayoungua huzalisha takriban lita nzima ya maji, ambayo hutoka kama mvuke. Safari zikiwa fupi fupi, sailensa haipati joto la kutosha kuyakausha, kwa hiyo kutu hula kutoka ndani huku chumvi ikila kutoka nje. Ndiyo maana sailensa nyingi zina kitundu kidogo upande wa chini cha kutolea maji hayo. Nimeletewa pikipiki nyingi ambazo mtu amekichomelea kitundu hicho akidhani ni kasoro, na jambo hilo hunisikitisha, kwa kuwa aliyefanya hivyo amemfungia mwenye pikipiki maji ndani.

Mwalimu wa ufundi, Malindi

Fundi amemaliza habari ya kufunga, nami nitajibu lile la nguvu. Vali ya moshi inapofunguka, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba, na kwa sababu hewa humo ni ya moto sana, mwendo wake hupita mita 500 kwa sekunde. Likifika mahali bomba linapopanuka au linapoishia, sehemu yake hurudi kuelekea injini ikiwa wimbi la mvuto. Wimbi hilo likiwasili wakati vali ya moshi haijafunga na vali ya kuingizia imekwisha anza kufunguka, husaidia kuuvuta moshi uliosalia na kukaribisha mchanganyiko mpya. Likiwahi mno au likichelewa, halina msaada na laweza kudhuru. Urefu na upana wa bomba ndivyo vinavyoamua msaada huo upatikane katika mizunguko ipi ya injini. Bomba fupi huusogeza kwenye mizunguko ya juu, ambako pikipiki ya mashindano huishi. Wewe unayepanda Marafa na mzigo kwa gia ya pili unaitaka nguvu ya chini na ya katikati, nayo ndiyo ya kwanza kupungua unapofunga bomba lisilopimwa kwa injini yako.

Kuhusu kabureta, ekzosi ikirahisisha moshi kutoka, hewa nyingi zaidi huingia huku jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopimia petroli, ikibaki ileile, na mchanganyiko hukosa petroli ya kutosha. Injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa haina rejeta ya kuiokoa joto linapozidi. Baada ya kupanda kilima kwa mafuta mengi, zima injini palepale, na ikishapoa itoe plagi uitazame: rangi ya kahawia hafifu ni njema, nyeupe kama chaki ni onyo, na hapo jeti kubwa ipandishwe hatua moja kisha upime upya. Ila ukisikia milipuko unapoachia mafuta ukishuka kilima, usikimbilie jeti. Mara nyingi ni hewa ya nje inayoingia kwenye gasketi ya mbele na kuwasha petroli iliyobaki ndani ya bomba. Paka maji ya sabuni kwenye kiungo injini ikiwa bado baridi, iwashe, utazame mapovu.

Kijana wa Watamu

Kwa heshima zote, mwalimu, mimi nimefunga hiyo iliyo wazi na pikipiki imekuwa nyepesi mno. Isitoshe, madereva wa magari hunisikia kabla hawajaniona, na huo pia ni usalama.

Mwalimu wa ufundi, Malindi

Sikatai kwamba imekuwa nyepesi, maana sailensa ya asili ina uzito wake. Lakini sikio hulidanganya jicho: sauti ikipanda, mtu huhisi mwendo ambao haupo. Chagua kilima kimoja, abiria yuleyule, gia ileile, upime muda wa kupanda kwa ekzosi zote mbili. Kuhusu madereva, ekzosi imeelekea nyuma, na sauti yake kubwa humfikia aliyekwisha pitwa.

Mkaazi wa Shela, Malindi

Naomba niwasemee wasioendesha. Mama yangu ni mgonjwa, na pikipiki za namna hiyo zikipita usiku huamka akitetemeka. Kipimo cha desibeli hakipandi kama kupima unga: nyongeza ya desibeli 10 husikika takriban kama sauti imezidi maradufu. Taasisi ya Marekani ya afya na usalama kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda huo ukatwe nusu. Kwa hiyo katika desibeli 94 ni saa moja tu. Anayekaa juu ya chombo hicho kutwa nzima ni ninyi wenyewe, kaka zangu. Pia hapa Kenya tuna kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, nayo Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inampa polisi sababu ya kukusimamisha.

Jambo jingine ni kinga ya joto. Nyingi ya hizi fupi huuzwa bila bati la kufunika bomba. Sisi tunapanda tumevaa buibui, na kitambaa chake kikigusa bomba la moto huyeyuka na kugandia kwenye ngozi ya mguu.

Mwendeshaji wa Mambrui

Shukrani nyingi, na dada yangu wa Shela, Mwenyezi Mungu ampe mama shifaa. Hilo la buibui limenigusa, kwa kuwa abiria wangu wengi ni kina mama. Nimeiacha ile fupi. Kuna duka lenye ekzosi isiyo ya kiwanda cha Boxer lakini yenye umbo na urefu wa ile ya asili, na muuzaji asema ni stenlesi. Nitajuaje kama ni kweli?

Fundi wa Maweni

Nenda na sumaku. Ikishika kwa nguvu kila mahali, huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, au stenlesi ya daraja la chini. Ikishika kidogo kwenye maungio tu, si neno. Kibandiko usikitegemee. Sailensa iliyoidhinishwa kwa barabara za Ulaya hupigwa chapa ya herufi E na namba ndani ya duara juu ya chuma chenyewe, kwa mfano E3 kwa iliyoidhinishwa Italia. Chukua pia ile yako iliyooza uzilinganishe: mashimo ya flanji, upana wa bomba, na mahali bolti ya nyuma inapokaa. Isipolingana kwa upana wa kidole, iache dukani, usikubali ipindwe kwa moto. Ukishaifunga, kalisha watu wawili juu yake uone kwamba sailensa haigusi mkono wa gurudumu la nyuma shokamzoba zikishuka. Iendeshe hadi Gongoni na kurudi, iache ipoe kabisa, kisha ukaze tena zile nati mbili za mbele, maana gasketi mpya hukaa vizuri ikishapata joto la kwanza. Na kila urudipo kutoka upande wa chumvi, imwagie maji matamu ikiwa imepoa.