Tupeane uzoefu: ulikuwa wapi siku jua lilipopatwa?

Mwalimu wa Usangu
Wakuu, leo mchana nilijilaza chini ya mwembe, macho yakaangukia vile viduara vya mwanga vinavyopenya kwenye majani. Mwili ukanisisimka. Mara ya mwisho kuvitazama hivyo ilikuwa tarehe 1 Septemba 2016, Rujewa, na siku ile havikuwa viduara. Vilikuwa pete. Mamia ya pete za mwanga, zimetapakaa mchangani, kwenye shati langu, kwenye mgongo wa mbuzi aliyefungwa pale.

Nafundisha fizikia. Wiki nzima nilikuwa nimewaeleza wanafunzi: mwezi siku hiyo uko mbali kidogo na dunia, hautoshi kulifunika jua lote, ndiyo maana unabaki ukingo, tukaita kupatwa kipete. Niliwaambia pia kwamba kila kitundu kati ya majani kinatupa chini picha ya jua lenyewe. Yote nilikuwa nayajua. Lakini saa sita ilipokaribia, mwanga ukawa wa kijivu, kivuli changu kikakolea kama kimechorwa kwa kalamu, kaubaridi kakapita, na magoti yakanilegea. Dakika kama tatu tu. Nilijikuta nimeshika shina la mwembe kwa mikono miwili.

Tangu siku ile najiuliza: kama akili yangu ilijua kila kitu, ni nani ndani yangu aliyeogopa? Tupeane uzoefu.

Mkulima wa Mpunga
Nilikuwepo Rujewa. Kuku wa jirani walianza kusogea bandani. Sitasahau.

Jicho Moja
Mwalimu, umenigusa kidonda. Mimi siku ile nilikuwa kidato cha pili, Dar. Huku jua lilimegwa tu, halikufika pete, na hapo ndipo nilipoponzwa. Walimu walitukataza tusitazame. Sisi vijana wanne tukaenda nyuma ya vyoo tukashindana nani atakaza jicho muda mrefu. Nikafumba la kushoto, nikalikodolea jua kwa la kulia. Nikahesabu hadi sitini. Nikashinda, nikabebwa juu juu.

Wala haikuuma. Machozi kidogo tu, basi. Jioni nikala, nikalala. Asubuhi naamka nafungua daftari, kila herufi ninayoitazama inatoweka. Zile za pembeni zipo, ninayoilenga haipo. Nikafikicha, nikanawa, nikakaa kimya siku nne kwa kuogopa fimbo ya baba. Mama ndiye aliyenigundua, aliona namwaga chai pembeni ya kikombe nikiwa nimejiziba jicho zima kujipima.

Daktari alinieleza kitu ambacho sijakisahau: retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Inaungua na wewe huna habari. Dawa hakuna, tusubiri, huenda ikarudi kiasi. Imerudi kiasi. Mpaka leo nikifumba la kushoto nikasoma ubao wa daladala, MBAGALA inabaki MBA, shimo, LA.

Dada wa Tabata
Pole sana mdogo wangu. Nimelia.

Fundi Geti
Pole kijana. Wakuu, tumieni kioo cha kuchomelea, lakini namba 14. Hivi vyepesi vya mtaani mtaungua.

Mtu wa Makambako
Sisi tulitumia filamu za eksirei, tena mbili mbili, na tuko salama.

Fundi Geti
Mkuu, usimfundishe mtu hilo. Filamu inapunguza mwanga, mionzi mingine inapita. Umesoma stori ya kijana hapo juu kweli?

Mtu wa Makambako
Nimesoma. Bibi yetu alitazama kwenye karai la maji miaka yote na akafa anaona.

Dada wa Tabata
Karai nalo linarudisha jua lilelile machoni. Lipe jua mgongo. Toboa kopo kwa msumari, tazama kivuli chake chini. Hata kupishanisha vidole tu kunatosha.

Mlinzi wa Mlango
Dawa ni kulala, mtaamshana likishaachiwa. Ila mnaliongelea kama sinema. Ile ni ishara ya msiba. Mzee wetu alifariki wiki ileile.

Mkulima wa Mpunga
Pole kwa msiba, lakini wiki ileile na watoto walizaliwa.

Mlinzi wa Mlango
Msiba wa mzee wangu usiufanyie hesabu.

Ustadh wa Tanga
Ndugu zangu, tulieni. Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Baba mwenye msiba ndiye aliyewakanya: jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake, ni ishara za Mungu, mkiona salini. Sisi 2016 tulisali rakaa mbili, kila rakaa rukuu mbili. Nilijua saa ya kuanza na ya kumalizika, ilikuwa imetangazwa, na bado nililia kwenye sijda. Mwalimu, huyo unayemuulizia namfahamu, ila sina jina lake.

Mama wa Taita
Mimi ni wa huku Kenya. Tarehe 16 Februari 1980 kwetu Taita lilifunikwa lote, saa tano na kitu asubuhi. Wageni walikuja na mitambo kutoka ng'ambo. Mama alitufungia ndani, akatutia khanga kichwani. Nilikuwa na miaka saba. Nilichoona ni mstari wa mwanga chini ya mlango, ukapungua, ukazimika. Nje watu walipiga ukelele mmoja, kisha kimya. Kaka yangu alikuwa malishoni, ameona nyota. Amezeeka anaisimulia, na mimi nina mlango tu.

Jicho Moja
Mwalimu, naomba kuuliza. Zile pete za chini ya mwembe zilikuwa zimetulia au zinacheza?

Mwalimu wa Usangu
Zilicheza, mwanangu. Upepo ukitikisa majani zinapandana, zinaachana, kama mtu amemwaga bangili. Na mtu angeweza kuzitazama muda wote aliotaka.

Jicho Moja
Nyuma ya vile vyoo kulikuwa na mti mkubwa wa mkungu. Sikuangalia chini hata mara moja.