Naomba ushauri: modeli yangu imezinyoosha kuta za nyumba ninayoitafiti Mji Mkongwe

Mwanafunzi wa Usanifu

Ndugu wanajukwaa, salamu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa usanifu majengo, na utafiti wangu unahusu nyumba ya ghorofa tatu iliyojengwa kwa mawe na chokaa katika Mji Mkongwe, Zanzibar. Kwa siku nne nilipiga picha zaidi ya 1,800 kwa simu, nikaziingiza kwenye programu inayozigeuza picha kuwa modeli ya pande tatu, kisha nikaichora nyumba upya katika programu ya usanifu ambamo kila ukuta hubeba taarifa zake za unene, kimo na malighafi. Kazi ilitoka safi na nilijivunia.

Msimamizi wangu alipoiona alichukua futi kamba, tukaenda naye chumba cha nyuma cha ghorofa ya kwanza. Kwenye modeli chumba hicho kina upana wa mita 2.50 mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa programu ilitaka kuta zilizo sambamba nami nikaikubalia. Futi ilisoma 2.58 mlangoni na 2.42 kwenye dirisha. Akaniuliza tofauti hiyo nimeipeleka wapi, na kwa nini chumba kirefu namna hii kimekuwa chembamba. Sikuwa na jibu hata moja. Imebaki miezi mitano kabla ya kuwasilisha. Je, nirudi kwenye penseli na futi, au ipo njia ya kuifanya kompyuta itafiti kweli badala ya kuchora vizuri tu?

Fundi Chokaa, Unguja

Mdogo wangu, jibu la swali la pili la msimamizi wako, la wembamba wa chumba, liko juu ya kichwa chako. Inua macho utazame dari. Sakafu za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka vizuri kwa kawaida huwa na urefu wa mita 2.5 hadi 3, nayo lazima iingie ukutani pande zote mbili. Aliyeamua upana wa chumba chako ni mti, na mjenzi akaitafuta nafasi kwa kurefusha upande wa pili. Picha zako hazitakuambia hivyo hata zikifika elfu kumi, ila ukishalijua, modeli inaweza kukupimia vyumba vyote vya nyumba kwa siku moja na kukuonyesha ni wapi sheria hiyo ilivunjwa, pengine kwa ukarabati wa baadaye.

Swali lake la kwanza, la tofauti ya upana, ndilo linalonitia hofu. Sentimita 16 ulizozifuta huenda ni mkono wa mjenzi wa kale, au huenda ni ukuta unaosukumwa nje baada ya vichwa vya boriti kuoza kwa maji ya mvua. Teremsha timazi, yaani uzi wenye uzito wa kupimia wima, kwenye ukuta huo kabla ya kuchora mstari mwingine wowote. Jumba la Maajabu la hapa Mji Mkongwe lilijengwa mwaka 1883, zama za Sultani Barghash, na sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nakuomba usimnyooshee mtu ukuta wake kwenye karatasi.

Nukta na Mistari

Naungana na Fundi, lakini modeli usiitupe. Tenganisha vitu viwili: wingu la nukta, yaani maelfu ya nukta zilizotokana na picha na kuonyesha uso wa ukuta ulipo, ambalo ndilo ushahidi, na mchoro wa programu ya usanifu, ambao ni tafsiri yako. Fungua nukta hizo katika CloudCompare, ambayo ni ya bure, ulinganishe ukuta na bapa, yaani uso ulionyooka kabisa, lililosimama wima. Programu itaupaka rangi kulingana na umbali wa kila sehemu kutoka kwenye bapa, na mahali palipotoka tumbo utapaona papo hapo.

Angalizo moja kubwa. Ukuta mweupe uliopakwa chokaa huipotosha programu ya picha, kwa sababu haina alama za kulinganisha kati ya picha moja na nyingine. Simamisha vibao vyenye alama mbele ya ukuta, usigandishe kitu kwenye chokaa kuukuu, na upime kwa futi umbali kati ya alama pamoja na mishazari ya chumba. Kwa vifaa ulivyo navyo utapata sentimita, si milimita.

Kuhusu utafiti wenyewe, tazama Notre-Dame, kanisa kuu la Paris. Andrew Tallon, mwanahistoria wa sanaa, aliipima kwa leza akapata nukta zaidi ya bilioni moja, kwa sababu alitaka kuelewa wajenzi wa zama zile walivyofanya kazi. Alifariki mwaka 2018. Kanisa likaungua tarehe 15 Aprili 2019, na vipimo vyake vikawafaa warejeshaji hadi lilipofunguliwa tena Desemba 2024. Alianza na swali, ndiyo maana alipima hata pembe ambazo mpiga picha wa kawaida angezipita.

Bi Mkubwa wa Lamu

Mwanangu, nyumba hiyo ina watu. Nyumba zetu zimepangwa ili mgeni aishie barazani au sebuleni, na ndani pabaki pa wenyewe. Modeli ya pande tatu ikiwekwa mtandaoni humwingiza kila mtu hadi kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za chumba cha kulala bila kupiga hodi. Umewaeleza wenye nyumba kwamba hilo linawezekana, au uliomba ruhusa ya picha tu?

Mwanafunzi wa Usanifu

Shikamoo, Bi Mkubwa. Niliomba ruhusa ya picha tu. Nitarudi kuzungumza nao, na vyumba vya ndani vitabaki kwenye nakala ya mtahini peke yake.

Nimeamua kuanza upya na chumba hicho kimoja: timazi, futi, vibao vya alama, kisha picha. Kaka Fundi, masika yanaanza mwezi ujao. Nipime kabla au baada?

Fundi Chokaa, Unguja

Pima mara mbili, kabla na baada, alama zikiwa palepale, ili ujue kama ukuta unatembea. Ukiona ufa mpya kwenye lipu chini ya boriti, mwambie mwenye nyumba siku hiyohiyo.